Bila Msaada wa Mtu

Barua ya kunisimamishia malipo ya ulemavu ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na mke wangu ndiye aliyeisoma, kwa sababu miwani yangu ilikuwa chumbani na mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikishakaa sinyanyuki hovyo. Aliisoma kwa sauti ile anayosomea masomo kanisani, polepole, akipumzika kwenye kila nukta. Ilisema kwamba baada ya kupimwa upya na bodi ya madaktari, mhusika alionekana akisimama wima, akitembea na kuinama. Kwamba kwa kauli yake mwenyewe hakuwa na malalamiko. Na kwamba anajimudu katika shughuli zote za kila siku bila msaada wa mtu. Kwa sababu hiyo malipo yangesimama. Asiporidhika, mhusika alikuwa na haki ya kukata rufaa kabla ya muda uliotajwa kwisha.

Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena maneno manne tu. "Bila msaada wa mtu." Kisha akaikunja barua, akaiweka mezani, akaenda jikoni kuangalia maharage.

Mimi nilianza kuwatukana madaktari. Niliwatukana kwa muda mrefu na kwa ufundi, maana jeshini tulipewa sare, viatu na matusi, na matusi ndiyo peke yake ambayo hatukurudisha stoo. Nikasema hawana macho, hawana huruma, wala hawajawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu. Mke wangu alirudi akifuta mikono kwenye khanga, akaniacha nimalize, kisha akauliza jambo moja bila kupandisha sauti.

"Baba, kule ndani uliwaambia nini?"

Nikamjibu kwamba niliwaambia ukweli. Huo ulikuwa uongo, na nadhani aliujua hata kabla sijafunga mdomo.

Niliumia nikiwa sajenti. Tulikuwa njiani kwenda mazoezini, lori limebeba vyuma vya mahema, dereva akamkwepa ng'ombe kwenye mteremko na lori likalala ubavu. Vyuma vilinilalia kiunoni. Aliyenitoa chini yake alikuwa mwenzangu wa kikosi, Myao wa Nakapanya kule Tunduru, mtu wa mizinga ambaye sikio lake moja lilikuwa limeshakufa kwa kelele za kazi yake. Mimi Mngoni, yeye Myao, kwa hiyo ni watani, na hata pale nilipokuwa nimelala barabarani nikitapika damu alinikumbusha kwamba babu zangu walikuja kwao kuiba mbuzi na sasa mbuzi wamelipiza. Nilikaa hospitali muda mrefu. Nilipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi kuanzia pajani, na mgongo haukunikubali tena kuinama wala kuinuka. Wakanistaafisha kwa ugonjwa, wakaniandikia kiwango cha ulemavu, nikarudi nyumbani Songea, kwenye nyumba tuliyokuwa tumeijenga Mjimwema.

Tangu hapo asubuhi zangu ni za namna moja. Mke wangu anaingiza bega lake chini ya kwapa langu, anahesabu moja, mbili, na kwenye tatu ananiinua. Ananikalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, ananiogesha mgongo na miguu, ananivalisha suruali, soksi na viatu. Baada ya hapo ndipo anaanza siku yake mwenyewe, shamba au soko. Jioni tunarudia kinyume chake. Nikianguka, na huanguka, ananiinua kutoka sakafuni, na mimi si mtu mdogo.

Sasa siku ya bodi. Juni ile baridi ilikuwa kali, na baridi ya kwetu huingia kwenye mgongo kama deni la mtu mwingine. Mke wangu alinyoosha suruali yangu ya kijivu kwa pasi ya mkaa, akapiga viatu kiwi, akanivalisha. Tulichukua bajaji mpaka kambini. Tulipofika getini, askari kijana alinitazama viatu, akatazama kiwi ile, akajua mimi ni nani, akanyooka. Jambo dogo namna hiyo ndilo lililoniharibia. Nilijisikia mwenye cheo tena. Tulipofika kwenye varanda nikamkabidhi mke wangu mkongojo.

"Unanipa wa nini?" akauliza.

"Nishikie. Nisubiri kwenye benchi."

"Baba, hawa wanataka kukuona ulivyo."

Niliingia. Mkuu wa bodi alikuwa amevaa kombati, na mimi mbele ya nyota za begani sijawahi kusimama nimeegemea kitu. Nilipiga hatua zangu mpaka katikati ya chumba, nikasimama mguu sawa. Maumivu yalinipanda hadi kwenye meno.

"Habari za mgongo, sajenti?"

"Nzuri, afande."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, kwa sababu nimepata hasara kubwa kwa jambo hili. Kwetu mtu haanzi na ugonjwa. Mgonjwa mahututi ukimuuliza hali atakwambia nzuri, au sijambo kidogo, halafu utakaa, utapewa maji, mtaongea mvua na mbolea, na baada ya hapo ndipo atasema, "ila huu mguu." Ile "ila" ndiyo habari yenyewe. Mganga mzee anaijua na anaisubiri. Yule daktari alikuwa na watu wengi nje, hakuwa na nafasi ya kuisubiri, naye aliandika alichosikia. Simlaumu sana. Kulikuwa na maswali mengine ambayo hayakuwa salamu, na hayo niliyajibu vibaya kwa akili zangu timamu. Aliniambia niiname. Niliinama, nikagusa magoti, nikasikia kitu kinachanika kiunoni, nikanyooka tena. Akauliza kama nahitaji msaada wa mtu nyumbani. Nikasema hapana, afande. Nilifaulu vizuri sana mtihani ambao faida yake ilikuwa kuufeli.

Nilitoka nikiwa nimenyooka. Nilipopita kona ya varanda, pale ambapo hawangeweza kuniona, nilimwangukia mke wangu. Yeye na dereva wa bajaji ndio walioniinua. Wiki nzima sikushuka kitandani, na katika wiki hiyo nzima nilimwambia bodi ilikwenda vizuri.

Ili kukata rufaa ilibidi tupate nakala ya maandishi ya bodi. Karani wa masjala alituletea, dada mmoja mpole mwenye mhuri mkononi muda wote, na mke wangu akaisoma palepale dirishani, maana sikuwa na ujasiri wa kumnyang'anya. Niliona kidole chake kikishuka kwenye mistari. Kikasimama. Swali: Je, unahitaji msaada wa mtu nyumbani? Jibu: Hapana.

Tulipofika nyumbani alinishusha kwenye bajaji, akanikalisha, akanivua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika kiatu changu cha kushoto, aliposema.

"Asubuhi ile nani alikuvalisha hivi?"

"Wewe, mama."

"Mimi ndiye huyo mtu. Uliniweka nje kwenye benchi nimekushikia gongo lako, halafu ukaingia ndani ukasema sipo."

Nilitaka kumweleza habari za nyota za begani, za kwata, za namna mwanajeshi anavyofundishwa tangu akiwa kuruta kwamba maumivu ni uvivu. Nikaona aibu. Aliendelea kunihudumia kama kawaida, chai kwa wakati, maji ya kuoga ya moto, lakini hakuongea nami zaidi ya lazima. Jumatano jumuiya ilikuja kusali kwetu, na ilipofika zamu yake ya kuomba, aliwaombea wasafiri na wakulima. Mimi hakuniombea. Majirani walidhani amesahau.

Niliandika rufaa mwenyewe. Niliiandika siku tatu, kwa mwandiko mzuri, na nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi. Mtani wangu alifika wiki hiyo kutoka Nakapanya, kwa basi la asubuhi, na mfuko wa korosho begani. Nilikuwa nimempigia simu, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kukata rufaa kwa ajili ya sikio lake na akashinda. Alimsalimia mke wangu, akashukuru Mungu kwa safari, akakaa upande ambao sikio lake zima lingenielekea, akaomba barua.

Akasoma. Akaigeuza akatazama nyuma, kana kwamba sehemu iliyobaki iko huko.

"Sajenti," akasema, "hii ni barua ya kuomba kurudi kazini."

"Nimeeleza ajali yote."

"Umeeleza lori. Lori linaumwa sana humu, nimelihurumia. Wewe je? Hapa umeandika, 'pamoja na kuwa afya yangu kwa ujumla ni njema.' Nani amekuuliza?"

"Ni adabu."

"Ni ujinga. Mimi waliponiuliza kama nasikia, nilikaa kimya. Wakauliza tena, nikawauliza, mnasema? Wakaandika."

Mke wangu alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ile siku ya masjala. Mtani akaona mlango umefunguka, akainuka. Akachukua mkongojo wangu, akampa mke wangu aushike. Akaenda mpaka getini, akageuka, akaja kwetu kwa hatua za gwaride, kifua mbele, kidevu juu, mguu wa kushoto akiuburuta na wakati huohuo akijifanya hauburuti. Uso wake ulikuwa umekakamaa na jicho moja linatoka machozi. Alinipata barabara. Sikuwa najua kuwa naburuta mguu namna ile. Akasimama mbele ya kiti changu, akapiga saluti, akasema kwa sauti yangu, "Mzima, afande. Sina mke, afande. Soksi zinajivaa zenyewe, afande."

Mngoni akifa, watani ndio huja msibani kumwigiza, jinsi alivyotembea na jinsi alivyokuwa mbishi, na wafiwa hucheka huku wakilia, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Hiyo ndiyo haki yao. Lakini huo ni msiba. Mimi nilikuwa hai, nimekaa kwenye uwanja wangu mwenyewe, na nilikasirika kweli. Nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Alikaa, akavunja korosho, akasema kwa upole ambao sikuuzoea kwake:

"Nimezoea kuwaigiza Wangoni wakishakufa. Wewe umenilazimisha nianze mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, mtani, na kabla ya kifo kuna shemeji hapa anaumbuka kila siku kwa ajili yako."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesimama bado ameshika ule mkongojo kwa mikono miwili, hacheki tena, machozi yanamtoka bila sauti. Hapo nililia na mimi. Sioni haya kuandika. Tulichana ile barua, tukaandika nyingine. Mtani anauliza, mke wangu anajibu, mimi naandika. Nani anamwogesha? Nani anamvalisha? Ameanguka mara ngapi tangu mvua zianze? Kila jibu lilikuwa "mimi" au "mbele yangu", na kila nilipoandika nilijisikia kama navuliwa nguo sokoni. Lakini niliandika.

Kamati ya rufaa ilituita baadaye, wakati mahindi yameanza kuchanua. Safari hii nilikwenda na mkongojo, na viatu sikupiga kiwi. Mke wangu aliingia pamoja nami kama shahidi. Kulikuwa na mwenyekiti, afisa mstaafu mwenye mvi. Daktari mwanamke, umri wa binti yetu. Na karani wa kuandika. Daktari aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, na kwa sekunde hiyo nikatamani kurudi nyumbani. Utamwambiaje mtoto aliyekuamkia kwamba huwezi kujiosha miguu?

Mwenyekiti alisoma lile swali kutoka kwenye maandishi ya bodi, akaniuliza kama bado jibu langu ni lilelile.

"Hapana, afande," nikasema. "Nilisema uongo. Nahitaji msaada wa mtu kila siku, asubuhi na jioni. Mtu mwenyewe ni huyu. Aliniinua leo, na siku ile ya bodi aliniinua pia, nikamficha nje."

Kalamu ya karani ilisikika. Mke wangu hakunitazama, lakini aliweka mkono wake juu ya meza karibu na wangu. Nilijisikia mwepesi. Nilidhani jambo gumu limekwisha, na nitakiri kwamba nilianza hata kujisifu moyoni kwa ushujaa wa kusema ukweli.

Daktari akamgeukia yeye. "Mama, samahani, naomba unionyeshe unavyomwinua. Mimi nitakaa hapa badala ya mzee, usininyanyue kabisa, nionyeshe tu mkao."

Mke wangu akasimama. Akamsogelea yule binti, akainama, akaingiza bega la kulia chini ya kwapa lake. Daktari akamwambia, sasa badilisha, tumia upande wa kushoto. Mke wangu akasema upande wa kushoto hautumii. Daktari akauliza kwa nini. Akasema ni mazoea tu. Daktari akamwomba ainue mkono wa kushoto juu kama anayeanua nguo kwenye kamba. Ulipanda mpaka usawa wa kifua ukagoma. Akamwomba ainue wa kulia. Ulipita kidogo tu hapo, na uso wa mke wangu ukabadilika rangi.

"Tangu lini, mama?"

"Huu wa kushoto tangu mwaka juzi. Huu mwingine ndiyo umeanza."

"Umeshakwenda hospitali?"

"Mgonjwa nyumbani ni mmoja," mke wangu akasema. "Wawili tungeangaliwa na nani?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao. Miaka miwili nimelala kitanda kimoja na mwanamke asiyeweza kunyoosha mkono, na sikuwa najua. Nikaanza kukumbuka. Kamba ya nguo ilivyoshushwa chini, nikadhani imelegea. Kilemba alichoacha kufunga, akavaa kofia ya sufu, nikamtania kwamba amekuwa bibi. Vyombo vilivyohama kutoka rafu ya juu. Nilikuwa nimeviona vyote kwa macho yangu na sikuuliza hata mara moja, kwa sababu siku zote nilikuwa nautazama mgongo wangu. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Tulitoka pale tukaenda hospitali moja kwa moja. Walimwambia kano za bega la kushoto zimechanika zamani na zimejiunga vibaya, na la kulia linafuata njia hiyohiyo. Asinyanyue kitu kizito. Kizito maana yake nini, akauliza. Wakamwambia ndoo. Akanitazama mimi, kilo zote hizi, tukacheka vibaya kule ndani mpaka muuguzi akachungulia.

Barua ya pili ilikuja wakati wa kuvuna. Niliisoma mwenyewe, na miwani yangu, nimekaa nje. Rufaa imekubaliwa, malipo yanarudi. Imeandikwa kwamba mhusika anahitaji msaada wa kudumu wa mtu mwingine, ambaye kwa sasa ni mke wake. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Aliniomba nisome tena mahali anapotajwa. Nikasoma. Akasema asante, akaendelea na mahindi. Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimeinuliwa na jirani, fundi uashi mstaafu, na kesho yake angekuja tena.

Wiki iliyofuata nilikwenda masjala kusaini. Yule dada wa mhuri alinipongeza kwa dhati. Nikamuuliza kama ipo fomu kwa mtu aliyeumia katika kumhudumia mwanajeshi, kwa maana mke wangu ameumia mabega yote mawili kwa kuniinua. Alidhani natania. Aliponiona sitanii, aliweka mhuri chini, akapekua mafaili yake kwa muda, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi.

"Haipo, mzee," akasema. "Mama hakuwa mwanajeshi."

Nikamuuliza basi rufaa yake inakatwa wapi. Akaanza kurudisha mafaili mahali pake, masikini, wala halikuwa kosa lake. Nilibaki pale dirishani nimeegemea mkongojo, mpaka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniomba nimpishe.